Mheshimiwa, Mashine Tunayo. Mtu wa Kutufundisha Kupumua Hatunaye

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar
Nakala: Uongozi wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kwa wahusika wa masomo ya afya

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa na mkaazi wa Kangagani, Wilaya ya Wete, Pemba. Si daktari wala muuguzi, na sina jamaa serikalini wa kunifikishia neno, ndiyo maana naliandika hadharani. Habari nitakazokueleza ni za mama yangu, lakini ombi si lake peke yake. Kisiwa kizima hakina mtu ambaye kazi yake ni kumfuata mgonjwa wa kifua nyumbani, baada ya kuruhusiwa spitali, akamtazama anavyopumua na kuwafundisha waliobaki naye. Dada yangu wa Maskati, mtoto wa mama yangu mkubwa, anaifanya kazi hiyo kwa mshahara. Huko wanaitwa wataalamu wa tiba ya upumuaji. Bi mkubwa, yaani mama yangu mzazi, yeye kafupisha, anasema "mtu wa pumzi".

Bi mkubwa ana miaka 71. Sigara hajaitia mdomoni hata siku moja. Lakini kwa miaka hamsini amepika juu ya mafiga, ndani ya banda la makuti lisilo dirisha, kwa kuni na makumbi. Aliyelelewa Pemba anaujua moshi wa makumbi yaliyonyeshewa. Haupandi. Unakaa kiunoni, unakuzunguka, unakufuata ulipo. Msimu wa karafuu ndiyo balaa zaidi, maana wachumaji ni wengi, sufuria ni kubwa, na moto hauzimwi toka alfajiri mpaka usiku watu wanapochambua karafuu. Kikohozi chake sisi watoto tulikifanya saa. Kikisikika, tulijua adhana iko karibu. Hakuna aliyekiita ugonjwa.

Alipoanza kuishiwa pumzi akitoka kisimani tukasema ni uzee. Alipoacha kwenda kwenye shughuli za watu tukasema kachoka na makelele. Mwaka jana ndipo tulipopewa jina: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, na moshi wa majikoni linautaja miongoni mwa visababishi vyake vikubwa katika nchi zenye kipato kidogo. Nilipomsomea bi mkubwa habari hiyo kwenye simu alinijibu kwamba basi wangelikufa wanawake wote wa Pemba. Sikuwa na jibu la kumpa.

Alilazwa siku tisa. Alipokaribia kutoka, daktari akatwambia asirudi nyumbani bila mashine ya oksijeni. Watoto wake tukachanga, jamaa wa Unguja na Maskati wakatia mkono, mashine ikanunuliwa Dar es Salaam ikavuka kwa meli. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alituonesha pale pale ukumbini mwa wodi: hapa unawasha, hapa unazima, mrija huu unakwenda puani. Tukapewa karatasi yenye maandishi "lita 2, saa 15 kwa siku" na inhela mbili, tukapanda gari. Simlaumu mtu. Muuguzi yule alikuwa akiitwa kutoka kila kitanda, na dakika tano alizotupa alizikata kwa mgonjwa mwengine.

Yaliyofuata nyumbani ndiyo niliyokusudia uyasikie.

Wiki ya kwanza bi mkubwa alilala vizuri, tukashukuru. Wiki ya pili akaanza kulalamika kuwa mashine haina nguvu. Kaka yangu, kwa huruma yake, akapandisha kile kidude cha kioo cha kupimia lita kwa dakika kutoka 2 hadi 3. Baadaye shangazi alikuja kumjulia hali, akaona mgonjwa bado anahema, akasema hewa haijawahi kumdhuru mtu. Ikapanda 5. Asubuhi bi mkubwa akawa anaamka na kichwa kizito kinamgonga. Anaongea kidogo, anasinzia. Siku moja alisinzia uji ukiwa mdomoni. Sisi tukafurahi, tukasema sasa anapumzika.

Mashine tuliisogeza hadi ikagusa ukuta isije ikachukua nafasi ya wageni, na juu yake tukaifunika kanga isiingie vumbi. Mrija wa mita 15 ulipita chini ya godoro. Puani tulimpaka mafuta ya mgando kwa kuwa palimkauka. Na usiku wa kuamkia Ijumaa, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, chetezo cha udi kiliwekwa chini ya kitanda ili chumba kinukie. Oksijeni, inayochochea moto, juu, kaa la moto chini. Kila nikikumbuka nasikia baridi ya mgongo.

Aliyetuokoa ni yule dada wa Maskati. Alipiga simu ya video kumjulia hali mama mdogo wake, nami nikamshikia bi mkubwa simu usoni. Wakaamkiana, shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu. Nikasubiri yafuate masuali ya watoto. Hayakufuata. Dada akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa akitazama kanga ya kifuani inavyopanda na kushuka, anahesabu. Akahesabu dakika nzima. Kisha akasema kwa sauti ya kazi, ambayo mimi sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Nigeuzie simu kwenye mashine."

Dakika zile arubaini na tano nazikumbuka moja moja. Aliniuliza karatasi ya daktari inasemaje, nikamsomea. Akaniambia rudisha 2 sasa hivi, na kesho mpelekeni apimwe damu. Akanieleza, bila ya kunifanya mjinga, kwamba baadhi ya wenye ugonjwa wa aina hii wakizidishiwa oksijeni hewa ukaa hulundikana katika damu, na kusinzia na kuumwa kichwa asubuhi ndiyo dalili zake. Kwa mtu kama huyo oksijeni ya damu hutakiwa ibaki baina ya asilimia 88 na 92, si zaidi. Yaani ile 97 tuliyokuwa tukiitafuta kwa furaha kwenye kipimo cha kidole ndiyo iliyokuwa ikimzamisha.

Akataka nimtolee kanga mashine. Nikamtolea. Niisogeze mbali na ukuta kiasi cha urefu wa rula ya skuli. Nikaisogeza. Nifungue mlango mdogo wa nyuma nimuoneshe chujio. Lilikuwa jeusi, limeshikana vumbi na unga. Mashine ile, alisema, haina oksijeni ndani yake. Inavuta hewa ya chumbani mwenu, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, inaizuia naitrojeni kwenye chembechembe za madini zilizomo ndani, inatoa inayobaki, ambayo ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Ikikosa hewa ya kuvuta, inakupa upepo. Tuliifunga pua mashine, kisha tukailaumu haina nguvu.

Akanambia nilete gilasi ya maji nitumbukize ncha za mrija. Mapovu yalikuwa mawili matatu, ya uvivu. Nikaufuata mrija, nikaukuta umekunjika chini ya godoro. Nilipounyoosha gilasi ikachemka. Bi mkubwa mwenyewe alicheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi, kikamtia kikohozi.

Tulidhani tumemaliza. Akasema: "Mama mdogo, nioneshe unavyovuta dawa." Bi mkubwa akaichukua inhela ya buluu, akafungua kinywa kama anayetaka kung'olewa jino, akabonyeza mara mbili, akafunga mdomo, akameza. Miezi mitatu, Mheshimiwa, dawa ilikuwa ikinyweshwa ulimi. Na kwa kuwa haikuwa ikimsaidia, alikwisha kuongezewa nyengine. Dada akamfundisha: itikise, toa pumzi yote kwanza, funga midomo vizuri, bonyeza huku unavuta polepole, zuia mpaka kumi. Mkono na pumzi vya bi mkubwa havikukutana. Basi akataka chupa tupu ya maji ya nusu lita. Tukaitoboa tundu chini, kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, tukaichomeka, na bi mkubwa akavutia kwenye shingo ya chupa. Ikaingia. Sikuamini mpaka aliponieleza kuwa mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti wao juu ya chupa kama hiyo hiyo, wakaikuta kwa watoto wenye pumu inafanya kazi sawa na kopo la kuvutia dawa la kununua. Chupa ya maji tunayoitupa bandarini Mkoani.

La mwisho ndilo lililomliza mama. Dada alimuuliza anasali vipi. Akasema anasali kitandani kwa ishara, kwa sababu kila akirukuu anaona kiza. Dada akamwambia akae kwenye kiti, na kila anapoinama atoe pumzi, asiinamie pumzi iliyojaa. Aitoe kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai kwenye kisahani. Wakafanya pamoja, mmoja Kangagani na mmoja Maskati, rukuu baada ya rukuu, mpaka bi mkubwa akaweza. Siku ya tatu alisali adhuhuri kitini, rakaa zake nne zote.

Kwenye damu alikutwa kweli na hewa ukaa nyingi. Alibadilishiwa dawa, akarudi. Leo hii anakwenda mpaka barazani na mrija wake, anachambua mchele, anagombeza wajukuu.

Sasa, Mheshimiwa, hapa ndipo ninapouliza. Yote niliyokuhadithia hayakutaka chumba cha upasuaji. Hayakutaka dawa mpya. Yalitaka mtu aliyesomea, akakaa na mgonjwa chini ya saa moja ndani ya chumba anacholala. Tena chumbani humo humo, maana spitali hakuna chetezo, hakuna godoro lililokalia mrija, hakuna shangazi. Daktari aliyetupa karatasi alikuwa sahihi kabisa, lita 2. Kosa lilizaliwa baina ya lango la spitali na kitanda cha bi mkubwa, na baina ya sehemu mbili hizo serikali haina mtu.

Najua nitaambiwa Zanzibar haina fani hiyo. Sitaki fani, nataka kazi ifanywe. Marekani waliianzisha kuwa taaluma yenye chama chake tangu miaka ya 1940, na nchi za Ghuba wamefuata njia hiyo, ndiyo dada yangu akapata ajira. Lakini Uingereza kazi hiyo hiyo wanaifanya wauguzi na watu wa fiziotherapia waliopewa mafunzo ya ziada ya kifua. Mwongozo wa madaktari wao wa kifua unataka mgonjwa aliyeanza oksijeni ya nyumbani atembelewe ndani ya wiki 4, na apimwe upya baada ya miezi 3. Wauguzi tunao. Fiziotherapia ipo. SUZA inafundisha afya hapa hapa Unguja. Kozi ya miezi michache, itakayosomeshwa na wanaoijua kazi, pamoja na mazoezi ya wodini, ingetosha kuanzia. Hata Wazanzibari wenye ujuzi huo walioko nje wangekuja likizo zao kufundisha wakiitwa rasmi. Dada yangu amenambia nikuandikie hilo, na mimi nimeliandika.

Pemba ina wilaya nne: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Ninaomba watu wanne, na pikipiki nne. Kila mmoja awe na kipimo cha kidole, chujio za akiba, mirija, na kifaa cha kupimia kama mashine inatoa oksijeni kweli au inatoa upepo. Kila mgonjwa anayetoka spitali na oksijeni, au aliyelazwa kwa kifua zaidi ya mara moja kwa mwaka, aandikwe kwenye daftari la mtu huyo kabla hajapewa ruhusa, na atembelewe siku chache tu baadaye.

Wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanatufikia majumbani na simu zao, wanauliza habari za mjamzito na mtoto mchanga, na kazi yao tunaiona. Tunao shehia zote. Siwaombei mzigo wa kutibu pumzi. Nawaombea masuali mawili matatu tu ya kuongezwa: nyumba hii ina mashine ya oksijeni, ina mtu anayeamka usiku kwa kukosa pumzi, moto unapikiwa ndani? Jibu likiwa ndiyo, simu iende kwa mtu wa wilaya. Njia imekwisha kulimwa, ni kupitisha mguu.

Kuhusu oksijeni yenyewe, sidhani kama nina la kuwafundisha. Shirika la Afya Duniani limeitia kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2017 kwa ajili ya wenye upungufu wake mwilini, na Mei 2023 mkutano wake mkuu ukapitisha azimio la kuzidisha upatikanaji wake. Mwaka 2021, wakati wa korona, nchi nzima ilijifunza kusema "changamoto ya upumuaji", na sisi Wapemba tuliimaliza ile Februari tukiwa tumempoteza Maalim Seif. Kila mtu akataka mitungi na mashine. Vizuri, mashine zimeanza kuingia vijijini. Lakini ikiwa oksijeni ni dawa, basi ina kipimo chake, ina kuzidi kwake na kupungua kwake, na hakuna dawa nyengine ya spitali ambayo mgonjwa hukabidhiwa chombo kizima akaambiwa ajipimie mwenyewe na shangazi yake.

Kuna faida moja ya ziara hizi ambayo watu wa bajeti wataipenda. Wapo wanaoanzishiwa oksijeni baada ya kuugua sana, kisha wiki nane baadaye wakipimwa hawaihitaji tena. Asipokuja mtu kuwapima, mashine hukaa imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba, na nyumba ya pili watu wanachangishana kununua nyengine. Wizara ikiwa na ghala dogo la mashine za kuazima kila wilaya, na mtu wa kuzifuatilia na kuzisafisha, kumi zinaweza kufanya kazi ya nyingi zaidi.

Umeme nitautaja kwa ufupi, ingawa mkoba wangu unaujua kwa urefu. Zamani Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha. Bila ya ule waya wa chini ya bahari uliokuja kutoka Tanga mwaka 2010, tusingethubutu hata kuifikiria mashine hii. Lakini mashine kama ya mama inakula wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni yuniti 5 na kidogo kwa siku, yaani yuniti zaidi ya 150 kwa mwezi, juu ya friji, taa na feni. Wapo wanaoizima mchana ili Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ifike mwisho wa mwezi, na hapo ndipo faida inapopotea. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 1981, uliowaonesha madaktari kuwa oksijeni ya nyumbani inarefusha maisha ya wagonjwa hawa, ulikuwa wa saa 15 kwa siku, si saa sita. Mgonjwa aliyethibitishwa na mtaalamu wa wilaya apewe nafuu ya yuniti. Na ukikatika? Mtungi mdogo wa lita 680 kwa kipimo cha lita 2 kwa dakika unakupeleka saa 5 na dakika 40. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, ni kugawanya tu, darasa la tano wanaiweza. Lakini nimeifanya baada ya kuambiwa kuwa ni ya kufanywa, na kabla ya hapo, siku umeme ulipokatika, tulikuwa tukimpepea kwa kipepeo cha ukili.

Wengine sijawataja. Waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yenye makovu, hawapati hesabu yoyote, maana kwenye daftari wamekwisha kuandikwa "amepona". Pale spitali ya Mulago, Kampala, waliwachukua watu wa aina hiyo, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki sita, mara mbili kwa wiki, ya kutembea na kunyanyua vitu vyepesi, wakaonekana wanakwenda mbali zaidi kuliko walivyoanza. Mtu wa pumzi wa wilaya angeweza kuyafanya chini ya mwembe. Watoto wa pumu nao, wenye inhela ambazo mama zao hawajaoneshwa namna ya kuzitumia. Skulini kwangu nina watatu. Na Ramadhani, Mheshimiwa: bi mkubwa aliiweka inhela kabatini mwezi mzima mchana, akiona aibu kuuliza. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu, lakini ruhusa hiyo inataka kusemwa na mtu anayekaa naye mkekani, na ikiwezekana neno la masheikh litangulie.

Nimalizie kwa jambo la Jumamosi iliyopita, kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika.

Habari za bi mkubwa zimezagaa kijijini, na mimi nimebandikwa jina, fundi wa hewa. Jumamosi baada ya magharibi alikuja kijana kuniita nyumba ya chini, karibu na pwani. Baba yake, mvuvi, ametoka spitali baada ya nimonia kali, na wamepewa mashine ya kuazima na jamaa. Nilikwenda. Mashine imegusa ukuta. Nikaisogeza. Chujio nikalitoa nikalifua. Mrija nikaunyoosha, nikawafanyia ile ya gilasi, mapovu yakaja, watu wakasema mashallah. Mpaka hapo nilikuwa najua.

Kisha nikatazama kile kidude cha kioo. Kilikuwa kwenye 5. Nikaomba karatasi ya daktari. Ilikuwa imelowa kwenye pikipiki, wino umetawanyika, pale penye namba pamebaki doa la buluu. Nikamvisha mzee kipimo cha kidole. Kikasema 91.

Kwa mama yangu 91 ni habari njema. Kwa mzee yule, aliyeugua maradhi mengine, mwenye mapafu ambayo sikuyajua kabla ya nimonia, sikujua 91 ni njema au ni ya kukimbilia. Mkewe akaniuliza, "Mwalimu, tupunguze au tuiache?" Chumba kizima kinanitazama. Nikampigia dada Maskati. Ilikuwa zamu yake ya usiku, simu haikupokewa. Nikaitazama tena ile karatasi kama kwamba wino utarudi.

Sikugusa. Niliwaambia wakipata gari asubuhi wamrudishe spitali wakaulize, nikaenda zangu nyumbani. Gari walikuja kuipata Jumatatu.

Wasalaam,

Mwalimu wa skuli,
Kangagani, Wilaya ya Wete, Pemba